Tongoni: Ziara katika Kasongo ya Waungwana

Mgeni anayefika Kasongo kwa mara ya kwanza, akitokea Bukavu au Lubumbashi, hushangaa kidogo. Wazee wamevaa kanzu na kofia. Wali ni chakula cha kila siku, wala si cha sikukuu. Katika ukoo mmoja atamkuta Ramazani anayekwenda msikitini na Ramazani mwingine anayehudumia altareni, na hakuna anayeona ajabu. Akiuliza sababu, huenda akajibiwa kwa mkato: «Hapa palikuwa pa Waarabu.» Jibu hilo lina ukweli kidogo na upungufu mwingi, na vijana wetu wamelitumia mara nyingi kuwachoma majirani zao Waislamu kwa kuwaita wajukuu wa wauza watumwa. Kwa sababu hiyo inafaa tupatembelee mahali hapa kwa akili iliyo macho.

Waarabu halisi waliofika Maniema walikuwa wachache. Mkubwa wao, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, alikuwa mzaliwa wa Unguja, na damu ya Kiafrika ilikuwamo katika ukoo wake. Katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika mwenyewe kwa Kiswahili, anasimulia bila haya jinsi alivyopata utawala katika nchi ya Utetela: alidai kwamba bibi yake alitoka huko, na kwamba yeye ni ndugu wa mfalme mzee Kasongo Rushie. Mzee akasadiki, akamwachia kiti. Katikati ya miaka ya 1870 Tippu Tip akaweka makao yake Kasongo, na mji ukakua.

Lakini waliojaza mji huo, waliolima mashamba yake na kubeba bunduki zake, walikuwa watu wa bara: Wanyamwezi waliokuja na misafara, Wakusu, Wazimba, Wabangubangu wa upande wa Kabambare. Wengi walitekwa wakiwa watoto, wakalelewa katika nyumba za mabwana, wakajifunza kusali, kuvaa na kusema kama watu wa pwani. Walijiita Waungwana. Pwani neno hilo lina maana ya watu huru, wenye adabu ya mjini. Mtu aliyeng'olewa kijijini kwake kwa kamba shingoni, akapata baadaye kuitwa mwungwana, alilishika jina hilo kwa mikono miwili, na mimi simlaumu. Hata Kiswahili chetu cha Kongo kiliitwa Kingwana kwa ajili yao.

Askari wa Dola Huru ya Kongo walipoingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, daktari wao Mwingereza, Sidney Hinde, aliduwaa. Aliandika juu ya vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, sukari, mishumaa, vikombe vya fedha, na bustani za michungwa, mipera, mikomamanga na maembe. Ukisoma orodha hiyo, jiulize kila kitu kilifikaje pale. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Kilibebwa kichwani kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kikavushwa ziwa Tanganyika kwa mashua, kikapanda milima hadi Kabambare na kushuka Kasongo. Misafara iliyorudi pwani ilibeba pembe za ndovu, na pamoja na pembe walikwenda watu. Ndiyo maana mpaka leo, Ujiji, Tabora na Bujumbura, wapo wanaoitwa Wamanyema. Baadhi yao walikwenda kwa hiari kama wapagazi na wafanyabiashara, wengine hawakuulizwa.

Nyangwe, kando ya mto Lualaba, palikuwa na soko kubwa ambako wanawake wa ng'ambo zote mbili walileta samaki, vyungu, mafuta na kuku. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, wafuasi wa mfanyabiashara mmoja wa pwani, walianza kufyatua risasi katikati ya soko. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikapinduka, wengi wakazama. David Livingstone alikuwapo. Makisio aliyopewa yalikaribia watu mia nne. Taarifa yake ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya madai yaliyofanya soko la watumwa la Unguja lifungwe mwaka 1873. Majina ya wanawake wale hayakuandikwa na mtu yeyote.

Hata hivyo Livingstone huyohuyo anatutatiza. Mwanzoni mwa mwaka 1869 alikuwa mgonjwa wa mapafu, karibu kufa, na aliyemuuguza na kuagiza abebwe kwa machela hadi Tanganyika alikuwa Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Ni pamoja na msafara wake aliingia Maniema. Kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871 vidonda vya miguu vilimfunga Kabambare, amebaki na watu watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino aliojitengenezea kwa maji ya matunda. Katika miezi yake ya Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Mtu aliyechukia utumwa kuliko wengi alikula na kupona kwa mkono wa mwenye watumwa, na katika shajara yake hakuficha wema huo wala hakuusamehe utumwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya historia hii inayostahili kusomwa polepole.

Vita vya 1892 hadi 1894 mara nyingi husimuliwa kama ukombozi. Tuangalie nani alipigana. Upande wa Sefu, mwana wa Tippu Tip, walikuwa Waungwana wa Maniema. Upande wa ofisa Mbelgiji Dhanis walikuwa askari Waafrika, na maelfu ya watu wa Ngongo Lutete, aliyekuwa jana tu jemadari wa Waungwana. Ngongo alibadili upande, akawapa Wabelgiji ushindi, na tarehe 15 Septemba 1893 maofisa wa Dola hiyohiyo wakampiga risasi huko Ngandu. Sefu alikufa Oktoba. Kabambare ikaanguka Januari 1894, kisha ikatekwa tena mwaka 1898 na askari wa Dola walioasi. Mjini Brussels walishangilia mwisho wa utumwa. Hapa, mfalme Leopold aliendelea kudai pembe, akaongeza mpira na kazi ya shuruti. Minyororo ilibadilishwa mwenyewe.

Wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, walikuwa wamekwisha kutua kando ya Tanganyika: Kibanga mwaka 1883, Mpala mwaka 1885. Waliwakomboa watoto kwa kuwanunua na kuwalea katika vijiji vya misioni, na wengi wa Wakristo wa kwanza wa nchi yetu ya mashariki walitoka katika watoto hao. Tuseme pia kwamba watoto wale hawakuwa huru kuondoka walipotaka. Baadaye misioni ikaingia Maniema. Kasongo ikawa vikarieti mwaka 1952 na jimbo mwaka 1959. Katika miaka yote ya ukoloni shule zilikuwa karibu zote mikononi mwa misioni, na familia za Kiislamu, zikiogopa watoto wao wasije wakabatizwa, ziliwaacha nyumbani. Pengo la elimu lililotokana na hofu hiyo halikuzibwa siku moja. Anayemcheka jirani kwa kukosa shule afahamu pengo hilo lilianza wapi.

Na sisi wenyewe tulisali kwa lugha ya nani? Jina la Mungu ni la Kibantu, lakini sala, dhambi, sadaka, neema, rehema, malaika, Zaburi na Injili ni maneno yaliyopita katika Kiarabu, yakazoewa pwani, kisha yakapanda njia ya Kabambare vinywani mwa Waungwana na wapagazi wao. Mapadri walipofika waliyakuta tayari, wakayatumia.

Kasongo ya kale haiko mahali pa mji wa leo. Wenyeji wanapaita Tongoni, yaani kwenye mahame. Karibu na Tanga, pwani, kuna Tongoni nyingine yenye makaburi na magofu ya msikiti. Miaka ya karibuni wataalamu wa Kongo na Ubelgiji wamechimba huko Maniema na kuwasikiliza wazee wanaokumbuka waliyosimuliwa. Kikundi cha parokia kinaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa daftari na kalamu. Mkienda, wachukueni na vijana wa msikitini. Waulizeni wazee wa pande zote mbili: babu wa babu yako alifika Kasongo kwa njia gani, akitembea mbele ya msafara, au nyuma, amefungwa?