Kuishi ghorofani kando ya City Park, Nairobi

Msikilizaji wetu wa Qurus, kwako mtoto akitoka mlangoni tayari yuko uani. Parklands na Ngara, jijini Nairobi, familia nyingi huishi kwenye nyumba za ghorofa ambazo hazina ua. Ua wao ni City Park, bustani ya tangu enzi za ukoloni yenye hekta 60 hivi, yaani ekari kama 150. Humo kuna msitu wa asili, kima waliozoea watu, na makaburi ya Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965, na Joseph Murumbi, makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966.

Ardhi ya jijini ni ghali, hivyo bustani hiyo ilimegwa kidogo kidogo. Mwaka 2009 serikali iliitangaza kuwa eneo la urithi linalolindwa na sheria.

Na sisi tujifunze. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tuulize: uwanja wa watoto na malisho yetu vimeandikwa wapi?