Kiinitete Kipi Kitangulie?

Siku ya tano baada ya yai kutungishwa maabara, mtaalamu wa viinitete hutazama kwenye hadubini na kuandika alama fupi: 4AA, au 3BC. Wanandoa waliomaliza akiba, na pengine wakauza kiwanja, huipokea kama matokeo ya mtihani wa taifa. Ninavyoona mimi, alama hiyo hupanga foleni tu: huonyesha kiinitete kipi kitangulie kupandikizwa. Anayeisoma kama hukumu ya nani atazaliwa anaitwisha mzigo isioweza kuubeba.

Mfumo unaotumika zaidi ulitolewa na David Gardner na William Schoolcraft mwaka 1999. Tarakimu, kuanzia 1 hadi 6, hupima kiasi blastosisti, yaani kiinitete cha siku hiyo ya tano, ilivyotanuka: kwenye 1 uwazi wenye majimaji ndiyo kwanza unajitokeza, na kwenye 6 imekwisha kutoka nje ya ganda lake. Herufi ya kwanza huhusu fungu la seli za ndani, ambamo mtoto atatokea; ya pili huhusu tabaka la nje, litakalojenga kondo la nyuma. A ni seli nyingi zilizoshikana vizuri, C ni chache.

Yote hayo huamuliwa kwa jicho, na wataalamu wawili hodari wanaweza kukitazama kiinitete kimoja wakaandika alama mbili. Tena kiinitete chenyewe hakitulii. Blastosisti iliyojaa ganda lake kama puto saa mbili asubuhi yaweza kuwa imenywea saa tatu, kisha ikajitanua upya. Alama inategemea umeikuta katika hali gani.

Umbo pia halionyeshi kromosomu. Mama wa miaka 42 anaweza kupata blastosisti ya 4AA ya kupendeza ambayo hesabu ya kromosomu zake imeharibika tangu kwenye yai. Ndiyo maana umri wa mwenye yai hausahauliki hata alama ikiwa nzuri namna gani.

Je, mashine zimetuokoa? Inkyubeta zenye kamera hupiga picha kila baada ya dakika chache bila kiinitete kutolewa nje. Hata hivyo, jaribio lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2024, likiwahusisha washiriki 1,575 wa Uingereza na Hong Kong, halikuona ongezeko la watoto waliozaliwa hai. Mwaka huohuo, akili mnemba ilishindanishwa na wataalamu katika kuchagua kiinitete cha kwanza kwa wagonjwa 1,066. Mimba zilipatikana kwa asilimia 46.5 upande wa mashine na 48.2 upande wa macho ya watu, na mashine haikuthibitika kuwa haizidiwi na watu. Ilichowashinda nacho ni kasi.

Kipimo cha kromosomu nacho hutegemea seli chache zilizokwanyuliwa kwenye tabaka la nje, yaani upande wa kondo, huku upande wa mtoto ukikisiwa. Mwaka 2015 madaktari wa Italia walieleza jinsi walivyowapandikizia wanawake 18 viinitete vyenye mchanganyiko wa seli nzima na seli zenye kasoro. Watoto 6 walizaliwa wakiwa na afya.

Atakayesema basi tuzitupe alama atakuwa amekosea vibaya. Viinitete vya daraja la juu hushika mimba mara nyingi zaidi kuliko vya chini, hilo halina ubishi. Zamani, kwa kutojua kipi ni kipi, madaktari walipandikiza vitatu au vinne kwa mpigo, na matokeo yake yakawa pacha na watoto njiti waliolazwa wodini kwa wiki nyingi. Foleni inayoaminika ndiyo iliyompa daktari ujasiri wa kupandikiza kimoja na kuvigandisha vilivyobaki. Kwangu mimi, huo ndio ushindi mkubwa wa alama hizi, kuliko utabiri wowote.

Lakini foleni ina mkia, na mkiani ndiko tunakokosea. Kiinitete cha daraja C kina nafasi ndogo, ila watoto wamezaliwa kutokana na viinitete vya namna hiyo, na kwa mama ambaye hana kingine, hicho ndicho cha kwanza. Ombi langu kwa kliniki ni dogo: kando ya alama andikeni nafasi ya kila kiinitete kwenye foleni pamoja na umri wa mwenye yai, na kisimwagwe chochote kinachoendelea kukua kabla wenyewe hawajaulizwa.