Mnyoo wa Maabara na Mnyoo wa Pwani

Mwaka 1963 ulizaa mambo mawili yasiyojuana. Katika Upanga, Dar es Salaam, kiliasisiwa chuo cha utabibu kando ya hospitali ambayo leo twaiita Muhimbili. Katika Cambridge, Uingereza, Sydney Brenner, mwana wa fundi viatu wa Germiston, Afrika Kusini, aliomba ruhusa ya kuchunguza mnyoo wa udongoni, na baadaye akamchagua aitwaye Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimeta 1 tu na asiyemdhuru mtu. Mtu wa siku zile angesema kuwa kazi ya Upanga ni haja na ile ya Cambridge ni anasa. Hukumu hiyo yataka kupimwa upya.

Haja ya Upanga ilionekana kwa macho. Mnyoo wa matende, aitwaye Wuchereria bancrofti, hukaa katika mishipa ya limfu ya binadamu, na watoto wake huzunguka katika damu usiku, saa za mbu kuuma. Mjini Dar es Salaam mchukuzi wake mkuu ni mbu wa Culex, azaliwaye katika vyoo vya shimo na maji machafu. Matende na mabusha hayaui upesi, lakini humvunjia mtu heshima na kumzuia kazi. Mwaka 2000 Tanzania ilianza Mafia kuwagawia watu wote dawa mbili, ivermektini na albendazoli. Mwaka 2006 ugawaji ukafika Dar es Salaam. Hayati Dakta Mwele Malecela alikuwa miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo.

Hata hivyo ivermektini ilikuwa na fumbo. Ikimezwa, watoto wa mnyoo hutoweka upesi katika damu. Lakini wakitiwa katika chupa pamoja na dawa kwa kiasi kile kile kipatikanacho mwilini, huendelea kujinyonganyonga kana kwamba hawakuguswa. Basi ni nini kinachowamaliza ndani ya mtu?

Hapa yafaa kurudi kwa mnyoo wa Brenner. Mwaka 1986 wenzake walimaliza kuchora ramani ya seli zake zote za neva, 302 kwa jumla. Baadhi zina vijinywele viitwavyo silia, ambavyo kwavyo mnyoo huonja na kugusa dunia. Mwaka 2014 Maureen Barr na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walieleza kuwa seli 27 za namna hiyo katika dume hutoa nje vifuko vidogo mno vyenye protini. Vifuko hivyo vikikusanywa na kuwekwa mbele ya madume wengine, mwendo wao hubadilika. Silia, iliyodhaniwa kuwa sikio tu, ikaonekana kuwa mdomo pia.

Mwaka 2015 wachunguzi wa Marekani walitangaza kuwa Brugia malayi, ndugu wa mnyoo wa matende, naye hutoa vifuko. Na mwaka 2018 wakaonyesha kuwa ivermektini hupunguza utoaji huo. Hatusemi kuwa vifuko vya mnyoo huyu hutoka katika silia; njia za minyoo ni nyingi. Wala hatusemi kuwa fumbo limefumbuliwa lote. Lakini maelezo yenye nguvu ni haya: dawa haimwui mnyoo kwa mkono wake, bali humnyima maneno aliyokuwa akiubembeleza nayo mwili wa mwenyeji wake; naye akinyamaza, askari wa mwili humtambua.

Vyuo vyetu huulizwa kila mwaka ni elimu ipi yenye faida, na swali ni halali kwa nchi isiyo na fedha za kuchezea. Lakini historia hii yatupa jibu lenye tahadhari. Vidonge viligawiwa Kariakoo na Upanga kabla mtu hajajua vyema jinsi vifanyavyo kazi. Na ufahamu uliokuja baadaye uliwezekana kwa kuwa kulikuwa na watu walioruhusiwa, kwa miaka mingi, kumtazama mnyoo asiyemwuma mtu. Anayempimia mwanafunzi masomo kwa haja ya leo pekee amnyima zana za kesho.