Nafasi Moja Ilivyofuta Sauti ya Shosho

Mwaka jana nilifuta sauti ya shosho wangu kwa sababu ya nafasi moja. Sisemi nafasi ya kazi, wala nafasi ya kuketi kwa matatu. Nasema ile unayopata ukibonyeza kitufe kirefu kilicho chini ya kibodi. Tupu kabisa, haina hata umbo.

Nilikuwa nimemrekodi saa mbili na nusu, nyumbani kwake, akinisimulia vile walivyohamishwa wakati wa Hali ya Hatari akiwa msichana mdogo. Rekodi zenyewe niliziweka kwenye folda inayoitwa Shosho. Vile vipande vya kujaribu maikrofoni, vya "moja mbili, moja mbili", niliviweka kwenye folda nyingine: Shosho majaribio. Siku ya kusafisha kompyuta ikafika, na kwa vile mimi ni yule msee wa kujifanya mtaalamu, sikutumia kipanya. Niliandika amri fupi ya kufuta Shosho majaribio.

Kompyuta ikanijibu kwamba hakuna kitu kinachoitwa majaribio. Nikacheka, nikadhani haijagusa kitu. Kumbe yenyewe ilisoma majina mawili: Shosho, halafu majaribio. La pili haikulipata. La kwanza ililipata na ikalifuta papo hapo, na ukifuta kwa amri ya aina ile hakuna pipa la taka la kurudi kuchakura.

Rafiki yangu aliyesomea mambo ya kompyuta hakunihurumia. Aliniuliza tu, "Si ungeweka kistari cha chini?" Anamaanisha hiki: _ . Ningeandika Shosho_majaribio, kompyuta ingeona jina moja, na saa hii ningekuwa na sauti yangu.

Nilikasirika. Nani aliamua kwamba mimi ndiye nibadilishe vile ninavyoandika ili mashine ielewe? Nikaanza kutafuta, na nilichopata ni historia ndefu kuliko kompyuta zenyewe.

Tuanze na nafasi. Tunaiona kama kitu cha kawaida, kama hewa, lakini kuna watu walioishi bila hiyo. Warumi wa zamani kwa muda mrefu waliandika manenoyakiwayameshikanahivi, na msomaji akawa anayatenganisha mwenyewe, mara nyingi kwa kusoma kwa sauti. Kwao haikuwa shida kubwa, Kilatini kilikuwa lugha yao ya kila siku. Shida waliipata watawa wa Ireland. Kwao Kilatini kilikuwa lugha ya kigeni ya kujifunza kitabuni, na ndio walioanza, karibu karne ya 7, kuacha pengo kati ya neno na neno. Baadaye mtindo huo ukasambaa Ulaya. Kwa hivyo nafasi ilianza kama msaada kwa msomaji anayehangaika. Hilo likumbuke, tutalirudia.

Na hata pale pa kuiweka ni makubaliano tu. Mzulu akitaka kusema anampenda mtu ataandika neno moja: ngiyamthanda. Msotho wa Kaskazini, ambaye lugha yake ni ya ukoo uleule wa Kibantu, ataandika manne: ke a mo rata. Maana ni moja, muundo unakaribiana, ila walioweka tahajia za lugha hizo mbili walichagua njia tofauti. Sisi wa Kiswahili tuko upande wa Wazulu: ninampenda, basi, neno moja.

Kile kistari cha chini nacho hakikuzaliwa kwa ajili ya faili. Kilitoka kwa taipureta. Taipureta haikuwa na herufi za mlazo, kwa hivyo ukitaka neno litiliwe mkazo uliliandika, ukarudisha mashine nyuma, ukapiga mstari chini yake herufi kwa herufi. Ukimpelekea mchapishaji kazi yako, mstari ule ulimwambia: hapa weka mlazo. Kilikuwa kibarua cha neno lililo juu yake. Peke yake hakikuwa na maana yoyote.

Kompyuta zilipokuja, waliozipa lugha walikuwa na maoni tofauti kuhusu nafasi. Fortran, lugha ya IBM iliyotoka mwaka 1957, iliamua kuipuuza kabisa: uweke nafasi, usiweke, kwake ni sawa. Warumi wamerudi! COBOL, iliyokuja muda mfupi baadaye, ilitumia kistari kifupi cha kawaida kuunganisha maneno kwenye jina. Lakini kistari kile ndicho pia alama ya kutoa kwenye hesabu. Ukiandika mshahara-kodi, je, hilo ni jina la kitu kimoja au unataka kodi itolewe kwa mshahara? Katika miaka hiyohiyo ya 1960 IBM ilitengeneza lugha nyingine, PL/I, iliyoruhusu kistari cha chini ndani ya majina. Hakikuwa na kazi nyingine kwenye hesabu, kwa hivyo hakikuchanganya mtu.

Hata hivyo kilikuwa hakijapata makao ya uhakika. Orodha ya herufi za kompyuta za Marekani, ASCII, ilitoka mwaka 1963 ikiwa na namba 128. Nafasi ilipewa namba 32. Namba 95 ilipewa mshale unaoelekea kushoto. Orodha iliporekebishwa na kutoka upya mwaka 1967, mshale uliondolewa na kistari cha chini kikaketi pale. Kiko pale hadi leo, kwenye simu uliyoshika.

Sasa ingia mwaka 1969, maabara ya Bell kule New Jersey. Ken Thompson na Dennis Ritchie wanaanza kutengeneza mfumo unaoitwa Unix. Wanatumia mashine za kuchapa amri zinazotoa karibu herufi 10 kwa sekunde, na zinapiga kelele kama cherehani. Kila herufi unayoondoa ni muda umeokoa. Ndio maana amri zao ni fupi hivi: cp ya kunakili, mv ya kuhamisha, rm ya kufuta. Na ili mashine ijue amri inaishia wapi na jina la faili linaanzia wapi, wakatumia kitu kilichokuwa tayari mkononi: nafasi.

Hapo ndipo mambo yalipopinda. Kwa macho yetu nafasi inatenganisha maneno ya jina moja. Kwa Unix nafasi inatenganisha jina na jina. Cha kushangaza, mfumo wenyewe haukukataza nafasi kwenye jina la faili. Uliruhusu karibu kila kitu isipokuwa mkwaju. Ila ukishaiweka, ni lazima ulifunge jina lako kwa alama za kunukuu kila unapoliandika kwenye amri. Ukisahau mara moja, jina linakatika vipande viwili. Mlango umeachwa wazi, halafu ndani kuna shimo. Watumiaji wa Unix wakajifunza haraka kutoweka nafasi, wakachukua kile kibarua cha taipureta kiwashikilie maneno pamoja.

Upande wa kompyuta za ofisini mambo yalikuwa mabaya zaidi. CP/M ya Gary Kildall, na baadaye MS-DOS ya mwaka 1981, zilikupa herufi 8 za jina na 3 za aina ya faili. Barua ya kuomba kazi ikawa BARUAKAZ.DOC. Hapo hata hakukuwa na mahali pa kubishania nafasi.

Halafu Januari 1984 Apple wakatoa Macintosh. Pale huandiki amri, unabofya picha. Kama huandiki amri, basi nafasi haina cha kukata, kwa hivyo wakaruhusu watu waite faili zao vile binadamu anavyoita vitu. Hata folda ya mfumo wenyewe iliitwa System Folder, na nafasi yake katikati. Agosti 24, 1995 ikaja Windows 95 na majina ya hadi herufi 255, na folda kuu ya programu ikaitwa Program Files. Kwa programu za zamani zisizojua majina marefu, folda hiyo hiyo ilijitambulisha kama PROGRA~1. Ukiona jina hilo ujue unaangalia kovu la vita hii.

Mtu angedhani binadamu ameshinda. La. Chini ya zile picha nzuri amri bado ziko, na zinaandikwa na watu wanaosahau.

Novemba 2001 Apple, haohao waliotupa nafasi, walitoa iTunes 2.0 kwa Mac OS X, mfumo wao mpya uliojengwa juu ya ukoo wa Unix. Ndani ya programu ya kuisakinisha kulikuwa na amri ya kufuta toleo la zamani, na jina la diski halikufungwa kwa alama za kunukuu. Watu ambao diski zao zilikuwa na nafasi kwenye jina walijikuta wamefutiwa vitu vilivyokuwa kwenye diski. Apple waliiondoa haraka na kutoa 2.0.1. Kosa lenyewe ndilo langu mimi na Shosho, tofauti ni kwamba wao walilituma kwa watu wengi kwa mpigo.

Mwaka 2011 kosa hilo lilitokea kinyume. Mradi wa bure wa Linux unaoitwa Bumblebee ulikuwa na amri ya kufuta folda moja ndogo iliyo ndani kabisa ya /usr. Mwandishi akaacha nafasi moja kwa bahati mbaya baada ya /usr. Kompyuta ikasoma mambo mawili: futa /usr, kisha futa hiyo nyingine. Sasa, /usr ndimo zinamokaa programu karibu zote za mfumo. Nafasi moja tu, na watu wakabaki na mashine zisizoweza kufanya kitu.

Kwenye mtandao nako nafasi haikukaribishwa. Kanuni za anwani za wavuti, zilizotolewa Desemba 1994 na Tim Berners-Lee na wenzake, ziliiweka kwenye kundi la herufi zisizo salama. Lazima igeuzwe iwe %20, kwa sababu 20 ndivyo 32 inavyoandikwa kwa hesabu ya vizio 16. Ndio maana ukimtumia mtu kiungo cha faili yako anapata Shosho%20majaribio na kuuliza kama simu imeingia virusi.

Lakini tusimfanye kistari cha chini malaika. Weka kiungo chenye mstari chini yake, na kistari kinajificha ndani ya mstari huo. Mtu anaona nafasi, anaandika nafasi, barua pepe haifiki. Majina ya tovuti nayo hayakiruhusu, yanataka kile kistari kifupi. Na kuna shida ya kawaida kabisa: jaribu kumsomea mzazi wako barua pepe yenye kistari cha chini kwa simu. Utatamani kukata.

Sasa msimamo wangu. Wanaosema "tumia kistari cha chini, acha ushamba" wanasema kweli kuhusu usalama, lakini lawama wanaipeleka kwa mtu asiyehusika. Nafasi iliwekwa karne nyingi zilizopita kumsaidia msomaji. Waliotengeneza amri waliipa kazi ya pili kwa sababu ya haraka zao wenyewe, sababu iliyokuwa na maana kwenye mashine ya herufi 10 kwa sekunde, halafu gharama ikaachiwa mama anayepakia cheti cha mtoto wake kwenye fomu na kuambiwa jina la faili halifai, bila kuelezwa lina kosa gani. Ukiandika programu leo, funga majina kwa alama za kunukuu. Hiyo ni kazi yako, sio ya huyo mama.

Wakati huohuo mimi siendeshi gari bila mkanda ati kwa sababu dereva mwingine ndiye mwenye makosa. Faili inayokaa kwenye simu yangu naiita ninavyotaka. Faili inayosafiri, inayoenda kwa mteja, kwa tovuti, au itakayoguswa na amri, haipati nafasi hata moja. Na amri ya kufuta siku hizi naisoma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Nilirudi kwa Shosho na maikrofoni. Nilimwambia ukweli, kwamba nimepoteza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza upya. Lakini haikuwa ile. Mara ya kwanza alikuwa amenitajia wimbo waliokuwa wakiimba wakichota maji, na akauimba. Mara ya pili nilipomkumbusha alisema hakumbuki wimbo wowote, pengine niliota.

Rekodi mpya sikuitilia nafasi wala kistari. Nilikumbuka kwamba lugha yetu inajua kushikanisha. Niliiita aliyonisimulia.mp3. Neno moja, halikatiki popote, na nimeshaliweka sehemu tatu tofauti.

Wewe faili zako unaziitaje? Na kabla ujibu, hebu enda kwanza uzinakili zile za watu wako.