Maelezo Yazaliwayo na Msimbo: Mabadiliko ya Javadoc na Suala la Lugha katika Pwani ya Tungue

Ghuba ya Tungue, kusini kidogo ya mlango wa Mto Ruvuma, ilikuwa chini ya mamlaka ya Sultani wa Zanzibar hadi Februari 1887, Wareno walipoitwaa kwa nguvu. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Historia ya Msumbiji, mjini Maputo, zimo barua ambazo wakuu wa pwani ya kaskazini waliwaandikia maofisa wa Kireno kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, baadhi zikiwa na tafsiri ya Kireno. Ofisa asiyeijua hati ile hakuwa na barua. Alikuwa na tafsiri tu. Nani anafafanua, na kwa lugha gani, ni swali la kale mahali hapa. Limerudi sasa kwa njia ya kompyuta.

Takwimu za afya za wilaya ya Palma, iliyopo kwenye ghuba hiyo, ni sehemu ya SIS-MA, mfumo wa taifa wa Msumbiji uliojengwa juu ya DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. DHIS2 imeandikwa kwa Java, sawa na OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Mtaalamu atakayetaka kurekebisha msimbo wa mifumo hiyo hana budi kukutana na Javadoc.

Javadoc ni zana iliyofuatana na Java tangu toleo la kwanza la mwaka 1996. Huyasoma maelezo ambayo mwandishi ameyaweka ndani ya msimbo wenyewe, kisha huyatolea kurasa za kusomwa katika kivinjari. Wazo la kuandika programu na ufafanuzi wake pamoja lilikwisha kutetewa na Donald Knuth mwaka 1984, na sababu yake ni nyepesi: kitabu kilichotengwa na msimbo huzeeka peke yake, kwa kuwa msimbo hubadilishwa nacho hubaki kilivyo.

Mabadiliko ya zana hii yamekuwa mengi. Java 9, ya mwaka 2017, iliingiza kisanduku cha kutafutia. Java 18, ya mwaka 2022, iliruhusu mifano ya msimbo ichukuliwe kutoka katika faili halisi, zinazoweza kujaribiwa, badala ya kunakiliwa kwa mkono. Java 23, ya mwaka 2024, ilikubali maelezo yaandikwe kwa Markdown, na hivyo kumwondolea mwandishi mzigo wa alama za HTML. Lakini badiliko lililozua manung'uniko zaidi lilikuwa la Java 8, mwaka 2014: ukaguzi wa maelezo uliwashwa bila kuombwa, na miradi iliyokuwa ikijengwa salama kwa miaka ikakwama kwa sababu ya alama moja isiyofungwa. Manung'uniko yalikuwa na haki kwa kiasi. Mkaguzi huyo humnasa aliyesahau kufunga alama; aliyeandika jambo lisilo kweli humpita.

Wala haikagui lugha. Javadoc ina chaguo la lugha, ila chaguo hilo hugusa vichwa na majina ya sehemu tu. Maneno ya mwandishi hubaki yalivyoandikwa. Msimbo wa DHIS2 umeelezwa kwa Kiingereza. Miongozo ya watumiaji, ambayo huandikwa kando kwa mkono, ina tafsiri za Kireno. Hivyo muuguzi au karani anasomeshwa kwa lugha ya serikali yake, ilhali mrekebishaji anaachwa nje ya mlango. Hali hii ina historia. Mradi wa HISP ulipoingia Msumbiji kutoka Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, programu ya Kiingereza ilibidi kutafsiriwa kwa Kireno ndipo ijaribiwe katika mikoa michache, Niassa ukiwemo. Kilichotafsiriwa ni kile kinachoonekana kwenye kioo.

Hasara ya jambo hili huonekana watu wanapoondoka. Shambulio lililoanza Palma tarehe 24 Machi 2021 liliwatawanya wakazi na watumishi wa umma kwa pamoja. Rekebisho la programu lisiloandikiwa maelezo huondoka na aliyelifanya. Lililoandikwa kwa lugha asiyoisoma mrithi wake lina nafuu ndogo tu. Toleo jipya la zana haliponyi lolote kati ya hayo, na mshauri wa sera asiahidiwe kwamba litaponya. Kinachowezekana ni mkataba wa kazi kudai kwamba kila kifurushi cha msimbo unaoandikwa nchini kiwe na ukurasa wa utangulizi kwa Kireno na kwa Kiswahili, na fungu la fedha litengwe kwa mwandishi wake. Upande wa zana hakuna kizuizi. Tangu Java 18, usimbaji wa kawaida ni UTF-8, kwa hiyo hata hati zile za Kiarabu za barua za Maputo zingeweza kukaa ndani ya maelezo ya msimbo na kutokea kwenye ukurasa bila mpangilio wa ziada.