Kutunga na kulea: kalamu ya mama mwenye mtoto mchanga

Mama anayetunga mashairi au hadithi akishajifungua, kinachomkimbia kwanza ni muda. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Hulala sana, lakini kwa vipande vifupi. Bado kuna maji, kuni na chakula cha wakubwa. Wengi huweka kalamu chini wakisema wataishika mtoto akikua. Kisha huja mtoto wa pili, na kalamu husahaulika. Hapa tunaeleza namna ya kuendelea kidogo kidogo, mama na mtoto wakiwa salama.

Wapo waliopita njia hii. Buchi Emecheta, mwandishi wa Nigeria aliyeishi London, alikuwa na watoto watano kabla ya kutimiza miaka 25. Mumewe alichoma mswada wa riwaya yake. Waliachana, naye akawalea watoto huku akifanya kazi na kuandika. Kitabu chake cha kwanza, In the Ditch, kilitoka mwaka 1972. Riwaya iliyochomwa aliiandika upya, ikatoka mwaka 1976 kwa jina la The Bride Price.

Chagua utungo unaoenea katika muda ulionao
Riwaya inataka saa nyingi za utulivu. Ubeti wa utenzi una mishororo minne ya mizani minane, yaani mizani 32 tu. Unaweza kuutunga kichwani mtoto akinyonya. Ukipata ubeti mmoja kwa siku, mwezi ukiisha una beti 30. Hata wimbo unaombembelezea mtoto ni utungo. Ukiwa ni wako, uhifadhi.

Hifadhi kabla hujasahau
Usingizi wa mang'amung'amu hufuta maneno. Simu yenye kinasa sauti inatosha: sema ubeti wako polepole, mkono mwingine umemshika mtoto. Kwenye kitochi, uandike kama ujumbe mfupi na uuache bila kuutuma. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na ubeti wa utenzi huenea humo. Ukipata nafasi, nakili kwenye daftari, maana simu hupotea.

Usingizi kwanza
Wiki za mwanzo, mtoto akilala, nawe lala. Ukiandika kila anapolala, utachoka mno. Siku ikipita bila neno, si kosa.

Kazi ya nyumba nzima
Baba, bibi au shangazi akimbeba mtoto nusu saa kila jioni, mama hupata nusu saa ya kuandika. Mkubaliane mapema saa hiyo ni ipi, na iheshimiwe kama saa ya shamba.

Jambo la mwisho: huzuni, kilio au kukata tamaa kukizidi wiki mbili baada ya kujifungua, usiseme ni uchovu tu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje hata siku moja.