Mti Usio na Mulamula

Mgeni anayefika Bukoba kwa mara ya kwanza, awe ametoka Mwanza kwa meli au Biharamulo kwa basi, aghalabu husema neno lile lile: "Huku kwenu Mungu amewapendelea." Ameona migomba iliyofuatana kilima hata kilima, ameona ziwa, na tena ameambiwa kwamba ukanda wa ziwani hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Basi huamini kwamba ukijani wa Kagera umejiotea wenyewe. Nasi wenyeji, kwa kuwa sifa haikataliwi, hutabasamu tukanyamaza.

Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukijani huu nao umeundwa, na walioutengeneza walikuwa watu wenye majembe. Mwenye kutaka ushahidi na atoke nje ya kibanja, hatua chache tu, aingie katika rweya, yaani yale mbuga ya majani yaliyo katikati ya vijiji vyetu. Mvua ni ile ile na jua ni lile lile, lakini udongo wa rweya umechujwa na mvua, haushibi, na ukipanda mgomba pale bila samadi utaona aibu. Udongo mweusi wa kibanja ni kazi ya vizazi. Majani yalikatwa rweya yakaletwa kutandazwa chini ya migomba. Samadi ya ng'ombe ilibebwa kwa vikapu. Maganda, majivu na taka za jikoni vilirudishwa shinani. Ndiyo maana sotoka ilipowamaliza ng'ombe katika miaka ya 1890, msiba ule haukuwa wa maziwa na nyama tu. Migomba nayo ilikosa chakula chake.

Kibanja kilikuwa bustani kamili kabla hatujajifunza neno bustani shuleni. Juu palikuwa na omuhumula na omutoma, huu wa pili ukitoa magome ya kutengenezea nguo. Chini yao migomba. Chini ya migomba mibuni. Na chini kabisa maharage. Humo humo walizikwa babu na bibi zetu. Na pembezoni palisimama mulamula, mmea mwembamba wenye majani marefu ambao mtu hupita asiujali, nao ndio uliokuwa na heshima kuliko yote. Mulamula ni mpaka. Jina lake linakwenda pamoja na neno la Kihaya la kuamua kesi, kulamula, kwa sababu majirani wakigombania ardhi, mmea ule ndio shahidi. Ulisema: kuanzia hapa, kazi ni ya fulani, na mavuno ni ya fulani. Kwa maoni yangu, historia yote ya miti ya Bukoba na Muleba imo katika jambo hilo moja.

Mji wa Bukoba ulizaliwa nje ya mulamula. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani pale ufukoni mwaka 1890, naye hata miaka miwili mizima haikupita akauawa huko Kongo. Cha ajabu ni kwamba wataalamu wa mimea wameuita ule omuhumula wetu Maesopsis eminii, kwa heshima yake. Kwa hiyo mtu aliyetuanzishia mji amebaki na jina katika mti wa vibanjani. Baada ya kituo yalikuja maduka, mahakama, gati na barabara. Ardhi ya mji haikuwa ya ukoo wala ya jirani. Ilikuwa ya serikali, na baadaye tukaambiwa ni ya umma. Mti uliootea hapo ulikuwa wa wote. Ndipo tulipokutana na swali ambalo kibanja hakikutufundisha kulijibu: mti wa wote ni wa nani?

Serikali za kila zama zimejaribu kulijibu kwa amri. Mwaka 1937 utawala wa Kiingereza ulitoa masharti ya namna ya kutunza mibuni, na Wahaya wakayakataa kwa ghasia. Wako waliosema kwamba watu wale walikuwa wakaidi, hawapendi maendeleo. Mimi naona kinyume chake. Watu waliolea mibuni yao kwa mikono yao walishtuka kuona mgeni anavuka mulamula na kuwaamuru ndani ya kibanja chao bila kuwauliza. Hawakuchukia miti. Walihofia kunyang'anywa.

Baada ya Uhuru ilikuja njia nyingine, iliyokuwa na heshima zaidi, nayo ni kujitolea. Vijana wa TANU Youth League walichimba barabara na kujenga madarasa. Mwaka 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, na kila shule ikawa na shamba lake. Mwaka 1980 ikaja kampeni ya Misitu ni Mali, watu wakakusanyika kusikiliza redio na kujadiliana juu ya miti. Siwezi kuyadharau mambo yale. Sisi tuliokua wakati huo tulijifunza kwamba jasho la kijana linaweza kuwa mali ya nchi, na somo hilo halikunitoka mpaka leo.

Hata hivyo nilijifunza na la pili. Katika shule moja ya msingi huko Muleba, mwishoni mwa miaka ya 1970, tulitolewa darasani siku moja ya Aprili, kila mtoto na mche wake, tukapanda miti kandokando ya barabara. Tuliimba, tulichafuka, tulifurahi. Idadi ya miche iliandikwa katika daftari na kupelekwa ilikotakiwa. Juni shule ikafungwa, kiangazi kikaingia, mbuzi wakapita. Tuliporudi hatukukuta ila vijiti. Hakuna aliyeulizwa, kwa maana daftari lilitaka miche iliyopandwa, halikutaka miche iliyo hai.

Mche mmoja ulikuwa hai. Ulisimama mbele ya kibanja cha mzee mmoja ambaye siku ile ya kupanda alimwuliza mwalimu wetu, "Mwalimu, mti huu ni wa nani?" Mwalimu akamjibu kwa uchangamfu, "Ni wa wote, mzee wangu." Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Basi hauna mwenyewe." Kiangazi kilipoanza aliuzungushia fito, akaumwagia maji machafu ya jikoni kila jioni, kisha akachomeka mulamula kando yake. Miaka michache baadaye, mti ulipokuwa mkubwa wa kutoa kivuli na kuni, uongozi wa shule ulilalamika kwamba mzee ameuiba mti wa umma. Yeye alisema ameuokoa. Shauri lile lilikwenda kwa wazee wa kijiji, na nakumbuka kwamba watu waligawanyika nusu kwa nusu.

Nimelifikiri shauri lile kwa miaka mingi. Shule ilikuwa na haki: mti uliopandwa na watoto mia kadhaa kwa ajili ya wapita njia umegeuka mali ya mtu mmoja. Mzee naye alikuwa na haki: bila yeye pasingekuwa na mti wa kugombaniwa. Walichokosa wote wawili ni mpango wa tatu, yaani mti unaobaki kuwa wa wote lakini wenye mlezi anayejulikana kwa jina, na ambaye ulezi wake unaheshimiwa kama mulamula unavyoheshimiwa.

Mpango huo si ndoto. Nchini Kenya, Wangari Maathai alianza tarehe 5 Juni 1977 kwa kupanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na kutoka hapo likakua Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Wengi humkumbuka kwa ujasiri wake wa mwaka 1989, alipokataa jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, na kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Mimi humkumbuka kwa jambo dogo zaidi. Kina mama waliootesha miche walilipwa kifuta jasho kidogo kwa kila mche, lakini si kwa ule uliopandwa. Walilipwa kwa ule uliopona. Lile daftari la shule yetu lingeandikwa hivyo, watoto tungeamka mapema hata wakati wa likizo.

Hapa kwetu, mwaka 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana Dar es Salaam katika baraza ya nyumba ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe aliyefariki mwaka 2025. Walikuwa na wasiwasi juu ya mazingira yao, wakaambiwa waanze wenyewe. Ndicho chanzo cha Roots & Shoots, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi duniani. Sisi hupenda kusubiri mawazo ya kijani yatoke ng'ambo, kumbe hili lilitoka barazani kwetu.

Na wilayani Muleba kwenyewe tunao mfano mzito kuliko yote, ingawa haukuanzia kwenye miti. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilitujazia vibanja makaburi mapya. Mlezi wa kibanja alikufa kabla mtoto hajajua mpaka uko wapi. Mwaka 2000, huko Nshamba, vijana yatima waliunda chama chao, Vijana Simama Imara, kwa msaada wa shirika la Humuliza. Waliweka akiba zao pamoja na kutegemezana. Watu waliodhani yatima ni wa kuhurumiwa tu waliona kijana asiye na baba akishika ahadi mwaka hata mwaka. Asiniambie mtu, basi, kwamba vijana wa siku hizi hawawezi kulea mti kwa viangazi viwili.

Sasa tutazame mji wetu. Bukoba ina ufuko mzuri ambao wengine wangeulipia, kisiwa cha Musira kikiwa mbele ya macho. Ina mto Kanoni unaopita katikati ya mji na ambao hufurika. Ina viwanja na maeneo ya wazi ambayo jioni hujaa watoto. Ziwa lenyewe halina utani. Lilipanda kiasi cha mita mbili baada ya mvua kubwa za mwaka 1961, na mwaka 2020 likapanda tena likala fukwe pande zote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto ziachwe bila shughuli za kuharibu. Mita hizo 60 zikiachwa bila mlezi huwa jalala. Zikipewa mlezi huwa bustani.

Vijana wa kujitolea hawakosekani. Siku ya kupanda miti wanakuja, na fulana wanavaa, na picha zinapigwa. Kila halmashauri nchini imepangiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na taarifa huandikwa. Ningependa taarifa hiyo iwe na safu moja zaidi: iliyo hai mwaka wa tatu. Kikundi cha vijana, iwe shule, kwaya, waendesha bodaboda au timu ya mpira, kikabidhiwe kipande chake cha ufuko au cha ukingo wa Kanoni kwa maandishi, kwa miaka mitano, na jina lake lisimame pale. Halmashauri itoe maji ya kiangazi na fito za uzio, na iwaulize wataalamu mti gani unafaa wapi. Kwani mkaratusi, unywao maji mengi, haufai kupandwa kwenye chemchemi, na omuhumula hauhitaji kubembelezwa katika udongo wetu.

Tena kujitolea kusiwe jina la heshima la kumtumikisha kijana bure. Kijana asiye na kazi akimwagilia bustani ya mji kila wiki, naye apate sehemu yake: miche ya kuuza, kibali cha kuweka meza ya chai chini ya kivuli alichokilea, barua ya kumtambulisha anapotafuta ajira. Kibanja hakikumnyima mlezi wake ndizi, wala mji usimnyime.

Wazee wa Muleba hatimaye waliamua kwamba mti ule ubaki wa njia, asiukate mtu, bali matawi makavu yawe kuni za mzee na za nyumba yake baada yake. Wengine waliona ni hukumu ya kuridhisha pande zote mbili tu. Mimi naona ilikuwa hukumu ya kimji kabla kijiji kile hakijaujua mji: kivuli cha wote, kuni za mlezi, na mulamula ukiwa shahidi. Miji yetu ikipata vijana wa kulea na viongozi wa kuamua namna hiyo, wajukuu wetu nao watapata wageni wa kuwaambia kwamba Mungu amewapendelea. Ila wao wawajibu wageni hao, wasinyamaze kama sisi.